Kuchagua Kizimamoto na Kuiandaa Nyumba kwa Dharura

Miongoni mwa barua za malalamiko zinazotufikia, ipo moja ambayo tumeirejea mara kadhaa wakati wa kuandaa sura hii. Mwandishi wake ni mama anayepika na kuuza chakula katika banda lililoungana na nyumba anamoishi. Jioni moja mafuta ya kukaangia samaki yalishika moto. Mwanawe alikimbilia kizimamoto kilichokuwa kimetundikwa ukutani kwa takriban miaka 2, akachomoa pini, akabana mkono wake, lakini hakikutoka chochote isipokuwa mlio mdogo wa hewa. Banda liliteketea. Watu walisalimika kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na nyumba ilikuwa upande usio na upepo. Mama huyo hakuanza kwa kutuuliza habari ya fidia. Aliuliza: "Nilinunua kitu gani?"

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile tulilomwandikia. Sehemu ya jibu inahusu kifaa chenyewe na namna alivyouziwa. Sehemu nyingine, ambayo huenda ikamshangaza msomaji, ni kwamba hata kama kizimamoto kile kingefanya kazi, hakikuwa kitu cha kwanza cha kukimbilia katika moto wa aina ile.

Wengi wetu tulikifahamu kizimamoto kwanza kama kifaa cha garini: kile kimtungi chekundu kinachotolewa chini ya kiti pindi askari wa usalama barabarani anapokiulizia. Kitu kinachonunuliwa ili kionyeshwe huchaguliwa kwa bei peke yake, wala mnunuzi haoni sababu ya kusoma maandishi yake. Mazoea hayo tumeyahamishia nyumbani katika wakati ambao majiko yetu yanabadilika. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi ya gesi ya kilo 6 na ya kilo 15 inaingia katika nyumba ambazo hadi juzi zilikuwa na jiko la mkaa tu. Gesi inayaokoa mapafu ya wapishi na ina faida nyingi, lakini nayo ina adabu zake, na kizimamoto kilichonunuliwa bila kufikiri hakiwezi kushika nafasi ya adabu hizo.

Anza na vitu vinavyoweza kuungua

Katika duka la vifaa vya usalama kuna vizimamoto vya aina nne au tano, na muuzaji hodari hakosi kauli ya kumtuliza mteja: "Chukua huu, dada yangu, unazima kila kitu." Hakuna kizimamoto kinachozima kila kitu. Kabla ya kwenda dukani, tunamshauri mlaji aizunguke nyumba yake akiwa na kipande cha karatasi na kuandika vitu vinavyoweza kushika moto na mahali vilipo.

Godoro, mapazia, makochi, daftari za watoto na mbao za dari ni vitu yabisi vinavyoacha makaa. Moto wake huitwa wa daraja A. Petroli ya jenereta, mafuta ya taa, rangi na thina ni vimiminika, nao ni daraja B. Gesi ya kupikia ni daraja C. Mafuta ya kukaangia, ingawa nayo ni kimiminika, yametengewa daraja lake peke yake, daraja F, kwa sababu tutakazozieleza. Daraja D ni la metali zinazoungua, habari ya viwandani isiyomhusu msomaji wetu. Umeme wenyewe hauungui. Kinachoungua ni plastiki ya waya, ekstensheni iliyobebeshwa vifaa vingi, au zulia lililofunika waya huo. Ukiweza kuukata umeme kwenye swichi kuu, moto unaobaki kwa kawaida ni wa daraja A.

Maji ni dawa nzuri ya daraja A kwa kuwa huyapoza makaa mpaka ndani. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo asidhani kwamba hana la kufanya: ndoo ya maji iliyojaa nyakati zote, ikiwekwa karibu na mlango wa chumba cha kulala, ni silaha halisi dhidi ya moto wa godoro unaoanza, na ndoo ya mchanga mkavu yaweza kufunika petroli kidogo iliyomwagika na kuwaka. Maji hayo hayo ni hatari yakimwagwa juu ya mafuta au juu ya kifaa chenye umeme.

Kizimamoto cha povu hufaa daraja A na B. Cha hewa ya ukaa hufaa vimiminika na vifaa vya umeme, tena hakiachi uchafu. Hata hivyo, hakipozi makaa, hivyo godoro lililoonekana kuzimika huweza kuwaka tena, na katika chumba kidogo kilichofungwa hewa hiyo humnyima pumzi mtumiaji mwenyewe. Kilichobaki ni cha poda kavu ya ABC, ambacho kwa maoni yetu ndicho kinachofaa nyumba nyingi za kawaida. Hatusemi hivyo kwa kuwa hakina kasoro. Poda hufanya wingu zito linaloziba macho na pumzi, huingia katika kila ufa, na huozesha sehemu za ndani za redio, televisheni na kompyuta ikiachwa humo. Hizo ni hasara ndogo kuliko nyumba.

Hapa pana mtego. Ipo poda ya ABC na ipo poda ya BC. Mitungi yake hufanana kwa rangi, kwa umbo, na mara nyingi hata kwa maandishi makubwa ya mbele. Poda ya BC huangusha ndimi za moto wa petroli vizuri, ila katika godoro au mbao makaa hubaki yakifuka, na baada ya dakika chache moto hurudi. Mlaji anayenunua kimoja tu kwa ajili ya nyumba ahakikishe kwamba herufi A imo.

Herufi si lugha moja

Herufi nazo zinahitaji uangalifu, maana hazina maana moja duniani kote. Katika mfumo wa Ulaya, herufi C humaanisha gesi. Katika mfumo wa Marekani, C humaanisha vifaa vya umeme, gesi imewekwa pamoja na vimiminika katika B, na mafuta ya kupikia yamepewa herufi K. China hutumia C kwa gesi na E kwa umeme. Vizimamoto vya mifumo hii vyaweza kusimama kwenye rafu moja ya duka moja. Dawa ya mkanganyiko huo ni kutazama michoro iliyo kando ya herufi: mbao zinazowaka, dumu la mafuta, jiko la gesi, kikaangio, au plagi ya umeme. Mchoro uliopigwa mstari mwekundu unakukataza kukitumia kifaa hicho kwa moto huo. Lebo isiyo na michoro wala maelezo ya matumizi katika lugha ambayo mnunuzi anaielewa ni sababu ya kutosha ya kukirudisha kifaa kwenye rafu.

Rangi nayo imewahadaa wengi. Vizimamoto vingi ni vyekundu mwili mzima, na utepe wa rangi unaoonyesha kilichomo, kama buluu kwa poda au nyeusi kwa hewa ya ukaa, hufuatwa na baadhi ya nchi tu. Usinunue kwa rangi.

Kwenye vifaa vilivyopimwa kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 3, herufi hutanguliwa na namba, kwa mfano 13A au 89B. Namba hizo zina maana. Kifaa cha 13A kilizima, katika maabara, rundo la mbao lililopangwa kwa vipimo maalumu lenye urefu wa mita 1.3, na kile cha 89B kilizima sinia lenye lita 89 za mchanganyiko wa majaribio wa maji na mafuta. Aliyezima alikuwa mtu aliyefunzwa, aliyejiandaa, asiye na mtoto anayelia chumba cha pili. Namba kubwa ni nguvu zaidi, na mitungi miwili yenye uzito ule ule huweza kutofautiana sana kwa namba. Hivyo, unapolinganisha bei, linganisha namba hizo kabla ya kulinganisha kilo.

Sekunde kumi

Kilo nazo zina maana yake, hasa kwa upande wa muda. Watu wengi hudhani kizimamoto kinaweza kutumika kwa dakika kadhaa kama mpira wa bustani. Kile cha garini cha kilo 1 kwa kawaida humalizika katika sekunde 8 hadi 10. Cha kilo 6 hufika sekunde 15 hadi 20 hivi. Tunaomba msomaji aweke kitabu chini, ahesabu mpaka kumi, na atafakari ni mambo mangapi yangepaswa kwenda sawasawa ndani ya muda huo.

Kwa hiyo kizimamoto ni kifaa cha moto mchanga, ule ambao haujazidi kikapu cha taka, na ni cha mtu ambaye mlango wa kutokea uko nyuma yake. Tunashauri kisiguswe mpaka watu wengine wawe wamekwisha kutoka au wanatoka. Mtumiaji asimame mita 2 hadi 3 kutoka kwenye moto, achomoe pini, aelekeze mdomo wa mpira kwenye shina la moto badala ya ndimi zake, abane mkono, kisha afagie kushoto na kulia. Mtungi ukiisha na moto ungalipo, atoke na kuufunga mlango nyuma yake bila kuufunga kwa ufunguo. Moshi ukishuka kufikia usawa wa kichwa, atoke hata kama mtungi haujaisha.

Ukubwa upi basi? Kwa chumba na sebule, au kwa jiko dogo, tunaona kilo 2 kuwa kiwango cha chini chenye maana. Nyumba yenye vyumba kadhaa na korido inafaa kuwa na cha kilo 4 au 6. Lakini mtungi wa poda wa kilo 6, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 9 au zaidi. Kabla ya kulipa, mwite yule atakayekuwa nyumbani mara nyingi, awe bibi, msaidizi wa kazi au kijana wa sekondari, akinyanyue kwa mkono mmoja na kuuelekeza mpira kwa mkono mwingine. Akishindwa, mitungi miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa utakaobaki ukutani.

Dukani, tazama geji. Sindano yake iwe katika eneo la kijani. Tazama lakiri inayoshika pini: isiwe imekatwa wala kufungwa upya kwa waya wa kawaida. Soma tarehe ya kutengenezwa. Pitisha kidole chini ya kitako, mahali ambapo kutu hupenda kuanzia, kisha kunja mpira kidogo uone kama una nyufa. Uliza kama mtungi hujazwa tena, maana ipo aina ya kutumika mara moja na kutupwa, nayo si mbaya, ilimradi mnunuzi aijue na bei yake ilingane na ukweli huo. Kuhusu mipira ya kurusha motoni na vikopo vya kupuliza, ambavyo siku hizi hutangazwa kwa bidii, tunasema kwa ufupi kwamba ni nyongeza tu, wala visichukue nafasi ya kizimamoto chenye lebo kamili.

Kosa moja hufanywa na watu waangalifu kabisa. Mtu hufika nyumbani, akakibana kizimamoto kidogo tu "kukijaribu", akaona poda imetoka, akakirudisha ukutani akiwa ameridhika. Chembe za poda zimebaki katika vali, vali haifungi barabara, na msukumo unavuja polepole kwa siku au wiki. Kizimamoto kilichobanwa hata kwa nusu sekunde kinahitaji kujazwa upya. Tunashuku, ingawa hatukuweza kuthibitisha, kwamba hicho ndicho kilichotokea katika banda la mama yetu, kwa kuwa mwanawe alikumbuka kwamba muuzaji aliwaonyesha jinsi kinavyofanya kazi kwa kutumia kile kile walichokinunua.

Fundi na stika yake

Kila mwezi kitazame: geji, lakiri, kutu, mpira. Kazi hiyo haimalizi dakika moja. Kila mwaka kikaguliwe na fundi mwenye ujuzi na vifaa. Hapa ndipo malalamiko yanapokuwa mengi, na yanafanana. Fundi anakuja na kitambaa, anaufuta mtungi ukang'aa, anabandika stika yenye tarehe mpya, anapokea malipo na kuondoka. Mtungi haukupimwa uzito wala kufunguliwa.

Mlaji ana njia rahisi ya kujilinda. Lebo ya kizimamoto huonyesha uzito wa dawa iliyomo, na mara nyingi uzito wa mtungi mzima ukiwa umejaa. Mwombe fundi aupime kwenye mizani mbele yako na kuandika uzito huo kwenye kadi. Kwa kizimamoto cha hewa ya ukaa, mizani ndiyo njia pekee ya kukikagua, maana hakina geji. Kikipungukiwa na zaidi ya asilimia 10 ya dawa yake, kijazwe. Fundi asiye na mizani hawezi kukwambia lolote kuhusu mtungi wa aina hiyo, hata akiwa na stika nzuri kiasi gani.

Sufuria ya mafuta

Tulisema tungeeleza kwa nini mafuta ya kukaangia yana daraja lake. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Mafuta ya kula yanayowaka yenyewe yamekwisha kupita nyuzi 300. Maji yakimwagwa humo huzama chini ya mafuta kwa kuwa ni mazito zaidi, na hapo hapo hugeuka mvuke. Lita 1 ya maji hutoa karibu lita 1,700 za mvuke. Mvuke huo hauna pa kwenda isipokuwa juu, nao huyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini na usoni mwa aliyemwaga. Poda huangusha ndimi kwa kitambo, ila haiyapozi mafuta, kwa hiyo huwaka tena, na msukumo wake ukipigwa kwa karibu huweza kuyatapanya. Hoteli na migahawa mikubwa huwa na vizimamoto maalumu vya daraja F kwa ajili hiyo.

Mpishi wa nyumbani, na mama lishe aliyetuandikia, anahitaji mfuniko. Zima jiko ikiwa unaweza kulifikia bila kuungua. Telezesha mfuniko au trei ya chuma juu ya sufuria kutoka upande wako kwenda mbele, kisha ondoka uiache. Usifunue kuchungulia, kwa kuwa mafuta hukaa na joto muda mrefu na hewa ikiingia yatawaka tena. Usiinyanyue sufuria kuipeleka nje. Majeraha mabaya sana hupatikana katika zile hatua nne au tano za kuelekea mlangoni. Mfuniko unaolingana na sufuria ya kukaangia, ukiwa karibu kila unapokaanga, ni kifaa cha dharura ambacho pengine tayari unacho.

Mtungi wa gesi

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kutokea dirishani. Hutambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya kabati, na kusubiri cheche. Inatosha iwe kama asilimia 2 tu ya hewa ya mahali pale ili iweze kulipuka. Imewekewa harufu kali kwa makusudi, kwa kuwa yenyewe haina harufu ya kutosha kuonya mtu. Ukiisikia, funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, na watu watoke. Usiwashe taa, na wala usiizime iliyowaka, maana swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Simu pigia nje.

Iwapo gesi inayovuja imekwisha kushika moto kwenye mpira au kwenye regyuleta, kumbuka kwamba moto wa gesi huzimwa kwa kuifunga gesi. Ukiuzima kwa poda na gesi ikaendelea kutoka, umeubadilisha moto unaoonekana kuwa wingu lisiloonekana. Funga vali kama mkono unaweza kuifikia salama. Kama hauwezi, watoe watu wote, waonye majirani, na upige simu. Mtungi unaopigwa na moto unaweza kupasuka, hivyo hakuna chombo cha ndani kinachostahili kurudiwa.

Kwa sababu hizo tuna ushauri ambao wauzaji wa vizimamoto hawataupenda. Mlaji mwenye fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, na mpira wa jiko lake la gesi umeanza kupasuka au kuwa mgumu, anunue mpira. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Kizimamoto kisubiri mwezi ujao.

Petroli ya jenereta isikae ndani ya nyumba ya kulala wala karibu na jiko. Mvuke wake, kama gesi, hutambaa chini na kufuata moto ulio mbali. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na mlipuko uliofuata uliua zaidi ya watu 100. Nyumbani huwezi kuwa na lori, lakini mvuke wa dumu moja hufuata kanuni zile zile.

Usiku, nondo na funguo

Moto wa mchana kwa kawaida una mtu wa kuuona. Wa usiku huonwa na moshi kwanza, na moshi humlegeza mtu aliyelala kabla joto halijamfikia. Tumezoea kujikinga na wezi kwa nondo madirishani na kufuli kubwa mlangoni, na hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila nyumba iliyofungwa barabara dhidi ya mwizi imefungwa pia dhidi ya wenyeji wake. Usiku wa leo, kabla ya kulala, jiulize ufunguo wa mlango wa nje uko wapi, na kama mtoto mkubwa anaweza kuupata gizani. Uwe na mahali pamoja, karibu na mlango ila pasipofikiwa na mkono kutoka dirishani, na usihamishwe. Ikiwezekana, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani.

King'ora cha moshi, kinachotumia betri na kutundikwa darini nje ya vyumba vya kulala, huamsha watu wakati ambapo kutoka bado kunawezekana. Kwa familia yenye watoto wadogo au mzee asiyetembea vizuri tunakipa nafasi sawa na kizimamoto. Kijaribu kwa kubonyeza kitufe chake mara moja kwa mwezi. Hiki, tofauti na kizimamoto, kimetengenezwa kijaribiwe.

Nyumba za kupanga zina tatizo lake. Tulipotembelea nyumba moja yenye wapangaji saba, tulionyeshwa kizimamoto kizuri cha kilo 6, kipya, chenye geji ya kijani. Kilikuwa ndani ya kabati la mwenye nyumba, kimefungwa kwa ufunguo, kisiibiwe. Mwenye nyumba alikuwa safarini. Tulimwelewa, kwa kuwa vitu vya korido hupotea. Suluhisho lililofikiwa na wapangaji wenyewe baadaye lilikuwa la busara: kila chumba kilichanga, kizimamoto kikatundikwa koridoni mkabala na mlango wa kutokea, kimeandikwa namba ya nyumba kwa rangi isiyofutika, na jina la anayekikagua kila mwezi likabandikwa kando yake. Kitundikwe kwenye njia ya kutokea, wala si juu ya jiko au nyuma ya mtungi wa gesi, kwa maana hakuna atakayeupitisha mkono katikati ya moto kukichukua.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike mahali ambapo hata mgeni ataiona. Unapopiga, taja mtaa, barabara, namba ya nyumba, na alama inayojulikana kama msikiti, kanisa, shule au kituo cha daladala. Eleza kinachoungua na kama kuna watu ndani, na usikate simu mpaka uruhusiwe. Mtu mmoja asimame barabarani kulielekeza gari, hasa pale ambapo vichochoro havipitishi gari kubwa. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, yai wala unga. Wote mliotoka mkutane mahali mlipopatana mapema, chini ya mwembe fulani au mbele ya duka fulani, mhesabiane. Watu wamerudi ndani kumtafuta mtoto aliyekuwa tayari kwa jirani.

Ukiuziwa kisichofaa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Kauli ya kwamba mtungi "unazima kila kitu", ikiwa ndiyo iliyokufanya ununue, ni jambo la kulalamikia. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani, na kama unashuku kwamba kifaa hakikidhi viwango, Shirika la Viwango Tanzania. Dai risiti siku ya kununua, ipige picha kabla wino haujafifia, na upige picha lebo yote, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa. Kizimamoto kilichoshindwa kazi usikitupe wala usikipeleke kwa fundi kukifungua, kwa sababu hicho ndicho ushahidi.

Mama aliyetuandikia hakuwa na risiti. Alikuwa amekihifadhi kizimamoto chenyewe, kimeungua upande mmoja, na kwenye upande uliosalimika lebo ilisomeka: poda ya BC, kilo 1.